Vyumba tisa, choo kimoja: namna ya kukizuia kipindupindu kwenye nyumba ya kupanga

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, njia zangu ni Tandale na Manzese, Dar es Salaam. Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Kinondoni kabla ya kusambaa mikoani, nilikuwa nagonga milango kila asubuhi kuwaambia watu wachemshe maji. Dada mmoja akanifunulia jiko lake. Mkaa kopo moja. "Nichemshe maji, au niwapikie wanangu?" Tangu siku ile sianzi na maji, naanza na hela.

Itisheni kikao Jumapili jioni, wapangaji wengi wakiwapo. Kila chumba kitoe 5,000 kwa mwezi. Vyumba tisa ni 45,000, na miezi minne inafika 180,000. Atunze mtu ambaye hata watoto wa uani wanamwamini, na daftari libaki wazi kwa wote.

Kazi ya kwanza ya hela hiyo ni choo, nacho kishughulikiwe Februari, kabla ya masika. Mulika shimo kwa tochi ya simu. Likikaribia kujaa, msingoje. Mnajua kinachotokea: usiku wa mvua kubwa mtu anatoboa ukuta wa shimo, choo kinatapishwa, uchafu unatiririka na maji hadi kwa jirani na kisimani kwake. Nimewahi kuingia uani asubuhi yake, ndoo za kunywea zimesimama kwenye tope lile. Anayetapisha simwiti mchafu. Gari la majitaka halipiti kichochoroni, na vyura, yaani wazoaji wa vyoo kwa mkono, wanataka taslimu. Hakuwa nayo, mvua ikamsaidia.

Kwa mwenye nyumba msiende mmoja mmoja, maana mmoja huambiwa ahame. Nendeni watatu, na mjumbe wa shina awe kati yenu. "Shikamoo mzee, choo kinajaa. Tutakizoa sisi, gharama ikatwe kwenye kodi." Akikubali, iandikwe, mjumbe asaini. Akikataa, zoeni hivyo hivyo, kodi mtaidai baadaye.

Maji sasa. Vidonge vya klorini vinaendana na mfuko wa kibarua kuliko mkaa, basi nunueni kwa pamoja. Someni pakiti, kwani kidonge cha dumu la lita 20 si kile cha lita moja. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, la sivyo tope litaimaliza klorini na vijidudu vibaki. Subirini nusu saa. Muuza maji wa mkokoteni aulizwe ametoa wapi, lakini hata akisema bombani, tieni kidonge. Kunyweni kutoka ndoo yenye koki, vikombe visichovywe ndani.

Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, saa ni chache. Mpeni ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, papo hapo. Isipokuwapo, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo hata akitapika, huku anapelekwa kituo cha afya. Bajaji ilipwe na mfuko wa michango ya nyumba. Wengi hufichwa ndani mpaka usiku kwa sababu ya nauli, na usiku mwili umeshakauka.

La mwisho ndilo gumu. Mama lishe akiumwa tumbo bado atapika, kwa kuwa mauzo ya leo ndiyo mtaji wa kesho. Kumkataza bila kumpa kitu ni kumwambia alale njaa na wanawe. Mfuko umkopeshe, asishike chakula cha watu mpaka kituo kimruhusu. Nyumba moja ninayoitembelea ilimpa mama wa chumba cha tatu 20,000. Alikaa siku sita, akarudi na sufuria zake, akalipa kwa awamu mbili.