Uzamili wa elektroniki Ujerumani, karatasi ziko Dodoma

Kama uko Ujerumani na shahada ya kwanza uliichukulia Dodoma, usidhani alama ndizo zitakazokukwamisha kuingia uzamili wa elektroniki. Mimi nilikwamishwa na maelezo ya kozi.

Mara ya kwanza nilituma transkripti tupu. Mstari mmoja uliandikwa "Elektroniki ya Pili", basi. Ndani ya mstari ule kulikuwa na transista, vichujio, na jioni nzima za kuchomea bodi kwa solda mpaka macho yanawasha. Msomaji wa Ulaya atayajuaje hayo? Nikakataliwa. Mwaka uliofuata kila kozi niliiambatanishia ukurasa wake: mada, saa za mihadhara, saa za maabara, vitabu. Nikapita, kwa alama zilezile.

Vyuo vya Ujerumani vinahesabu. Mwaka mmoja wa masomo kwao ni krediti 60, na wanataka kuona hesabu, sakiti, mawimbi ya umeme na sumakuumeme zimefika kiwango chao. Pengo likiwa dogo, unaweza kupokelewa kwa sharti la kusoma kozi za ziada.

Kwa hiyo tafuta mtu Dodoma, mpwa kwa mfano. Mwandikie barua ya idhini yenye saini yako, pamoja na nakala ya kitambulisho. Kama ulisoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) fani za kompyuta na elektroniki, mwambie aende moja kwa moja ndaki ya CIVE. Chuo kile kimetawanyika vilimani, na kuzunguka ndaki kwa mguu kwenye jua la Oktoba ni adhabu. Aombe maelezo ya mwaka uliosoma wewe, maana mitaala hubadilishwa, na kila ukurasa ugongwe muhuri. Askani kwa mashine. Picha za simu zenye kivuli cha kidole hazifai.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya nje kwa niaba yao: yuro 75 kwa chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata muhula huohuo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila Baden-Württemberg hutoza yuro 1,500 kwa muhula kwa tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Ndugu anayeomba viza akiwa bado nyumbani ajiandae na akaunti ya kuzuiliwa, yaani ya benki yenye pesa za kujikimu anazotolewa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka.

Ukimaliza na unafikiria kurudi, pamoja na cheti chukua ile nyongeza yake inayoeleza masomo. Utaihitaji Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) watakapoitambua shahada yako, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ukitaka kuitwa mhandisi kisheria.

Na huyo mpwa uliyemtuma Chimwaga, kule UDOM iliko, mtumie nauli kabla hajaondoka, na ya chakula. Atarudi huko mara ya pili, wewe subiri tu.