Nundu ya kidole gumba cha mguu: anza na karatasi na kalamu

Hapa Dodoma ninafanya kazi ya fiziotherapia, na wengi wanaovua kiatu mbele yangu huanza hivi: "Mfupa umeota." Hapana, mama. Mfupa wa unyayo umelalia upande wa mguu mwenzake, kidole gumba kikaelekea kwa vidole vingine, na kiungo kikajitokeza ubavuni. Kiatu kinasugua hapohapo mpaka panavimba.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe. Simama peku. Maumivu ya nundu huja polepole, kwa miezi na miaka, na hupungua ukivua viatu. Yakikushika ghafla usiku, hata shuka usitake ikuguse, huenda ni jongo (gauti), ugonjwa mwingine wa viungo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima joto la kiungo kwa mgongo wa kiganja, kisha linganisha na mguu wa pili. Kukiwa na joto kali, homa au usaha, nenda hospitali. Mwenye kisukari asijitibu nyumbani, hata kwa mchubuko mdogo.

Hatua ya 2: Chora mguu wako. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Fanya jioni, maana baada ya kutwa nzima mguu huwa umevimba kidogo. Simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, mtu mwingine akuchoree huku kalamu ikiwa wima. Chora miguu yote miwili, kata michoro, kisha weka kiatu unachovaa kila siku juu ya mchoro wake. Karatasi ikichungulia pembeni, umeshampata mwizi wako.

Nenda na michoro hiyo mitumbani, Sabasaba au Majengo. Itie ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiache hata kama bei ni nzuri. Chagua kwa kufuata mguu mkubwa, ubakize nafasi kama upana wa kidole mbele, kisigino kiwe kifupi. Kiatu cha ngozi ulicho nacho, fundi anaweza kukipanua kwa kalibu, ila muoneshe nundu ilipo. Katambuga ni pana, lakini angalia mkanda usipite juu ya nundu. Kandambili si za safari ndefu, kwani vidole hujikunja kuzishikilia.

Hatua ya 3: Tuliza. Funga barafu ndani ya khanga, weka dakika 10 hadi 15. Kata sponji, toboa katikati, tundu likae kwenye nundu ili kiatu kisiiguse. Parasetamoli inasaidia. Ibuprofeni usinywe bila ushauri kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au ujauzito.

Hatua ya 4: Mazoezi. Vuta kidole gumba taratibu kielekee mbele, hesabu 10, rudia mara 10. Kisha okota kitambaa kwa vidole vya mguu. Mazoezi hulegeza kiungo, hayanyooshi mfupa. Hata vifaa vya kufunga usiku haviunyooshi. Usimalizie akiba yako huko.

Ukibadilisha viatu, miezi ikapita na bado unachechemea, muone daktari wa mifupa. Upasuaji upo, ila kupona huchukua wiki nyingi na uvimbe huweza kukaa miezi. Usiufanye kwa ajili ya sura ya mguu tu.

Umbo hili la mguu hurithiwa. Kama una nundu, mchore na binti yako kila shule inapokaribia kufunguliwa, kabla hujamnunulia viatu vyeusi.