Kufufua boti iliyotelekezwa na mashine yake: nyundo kwanza, rangi mwisho

Boti iliyokaa juani na mvuani miaka mitatu minne huja na maneno yale yale ya muuzaji: mashine ilikuwa nzima kabisa, ilizimwa tu ikawekwa. Maneno hayo nimeyanunua mara mbili. Mara ya kwanza nilianza na msasa na rangi, boti ikang'aa, ndipo nikagundua silinda moja imekufa. Rangi ile ilibaki nchi kavu pamoja na boti yake.

Siku hizi naanza na yale yanayoweza kunifanya niachane na boti, yanayopendeza macho yanakuja mwisho. Nazungumzia boti ya faiba yenye mashine ya kufungwa nyuma, ya mipigo miwili, ile inayokula petroli iliyochanganywa na oili na yenye kabureta.

Hatua ya 1: Gonga, kisha tikisa

Fanya hivi kabla hujalipa. Chukua nyundo ndogo, au hata mpini wa bisibisi, ugonge ubao wa tezi pale mashine inapofungwa, kisha sakafu yote. Faiba iliyoshikana na mbao yake hulia kavu, ko ko ko. Palipooza pana sauti butu, kama unagonga gunia lililolowa.

Halafu inua mashine nusu, ishike kwa chini, itikise kama unayetaka kuing'oa huku mwenzako akiutazama ubao. Ukicheza, au nyufa za pembeni zikifunguka na kujifunga, mbao ya ndani imekwisha. Ukibaki na shaka, mwombe muuzaji ufungue skrubu moja ya chini upande wa ndani. Likitoka tone jeusi, umeshajibiwa. Ubao wa tezi unabadilishika, ila ni kazi kubwa kuliko nyingi za mashine, kwa hiyo ihesabu kwenye bei.

Hatua ya 2: Kompresheni (nguvu ya silinda kugandamiza hewa)

Usiivute kamba bado. Kuta za silinda zimekauka, huenda zina kutu. Toa plagi zote, tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila tundu, uache mpaka kesho. Kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa mkono, taratibu, upande ule inaozunguka siku zote. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na usubiri tena.

Ikishalegea, izungushe mpaka oili ya ziada itoke, la sivyo geji ya kupimia kompresheni itakudanganya kwa namba nzuri. Nyaya za plagi zigusishe kwenye chuma cha injini, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara tano sita kwa nguvu ile ile. Andika namba ya kila silinda. Mashine nyingi za aina hii zikiwa nzima husoma kati ya 90 na 130 psi, ila mimi natazama zaidi kama silinda zinalingana. Tofauti ikizidi asilimia 15 kuna jambo. Tia oili kidogo kwenye ile iliyo chini, upime tena: ikipanda, ringi zimechoka au zimeganda, isipopanda, anza kushuku gasketi ya kichwa.

Mashine ikifeli hapa, simamisha kazi nyingine zote mpaka uamue kama utaifungua au utatafuta nyingine.

Hatua ya 3: Gia boksi na impela

Fungua skrubu ya chini ya gia boksi, kisha ya juu. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Toa rafadha uitazame sili ya shafti; mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejizungusha pale na kuikata. Unapojaza oili mpya, isukume kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe mrija na kufunga la chini. Anayejaza kwa juu hufungia hewa ndani na kuamini gia boksi imejaa.

Impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa, badilisha bila kujadiliana nayo. Mpira uliokaa miaka katika mikunjo ile ile haurudi. Ukikuta bawa limekatika, kitafute kipande chake kwenye njia ya maji, maana kikibaki kitaziba hata impela mpya. Paka maji ya sabuni, ingiza mpya huku ukizungusha shafti upande wake wa kawaida.

Hatua ya 4: Mafuta, penye ugonjwa mwingi

Petroli iliyolala huacha utando kama gundi, na jeti ya kabureta ina tundu dogo kuliko la sindano. Mafuta ya zamani yaondoe yote, usiyachanganye na mapya "yasipotee". Yapeleke panapopokelewa mafuta machafu. Osha tangi, badilisha chujio, fungua kabureta na uchomoe kila jeti. Izibue kwa dawa ya kabureta na uzi mmoja wa nailoni. Waya wa chuma huikwangua shaba na kupanua tundu. Ielekeze kwenye mwanga: unataka kuona duara kamili.

Hapa nina kisa changu. Mashine iliwaka vizuri, ikienda dakika chache kwa kasi inakata pumzi. Nilifungua kabureta mara tatu. Mara ya nne nikabadilisha hozi ya mafuta, ugonjwa ukaisha. Nilipoichana ile ya zamani nikakuta utando wa ndani umebanduka na kujikunja. Mashine ikivuta sana, utando unafunga njia. Nje ilionekana kama mpya. Tangu hapo naanza na hozi, tundu la hewa la kifuniko cha tangi, na kile kipira cha kuminya: mshale wake utazame mashine, na ukikiminya mpaka kiwe kigumu, kisilegee upesi.

Mchanganyiko wa mashine nyingi za karibuni ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja, au 200 kwa lita 10. Za zamani zaidi hutaka oili nyingi kuliko hiyo. Fuata kitabu chake. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, ya mashine za boti za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Ya pikipiki mara nyingi imetengenezewa injini inayopozwa kwa hewa.

Hatua ya 5: Moto wa plagi

Plagi mpya, viungo vyote vya nyaya visafishwe kutu, waya wa ardhi ukazwe. Moto uwe wa buluu na uruke kwa kishindo. Wa njano na mwembamba ni dhaifu. Kabla hujanunua koili, chomoa swichi ya kuzimia ujaribu tena. Swichi mbovu imeshauzia watu koili nyingi. Na hapo pasiwe na petroli wazi karibu.

Hatua ya 6: Kuwasha kwenye pipa

Nje, penye hewa, mashine ikiwa ndani ya pipa la maji, rafadha ikiwa imetolewa. Maji yafunike matundu ya kunyonyea na pampu yenyewe. Kamwe usiiwashe mashine kavu hata kwa sekunde chache, impela inaungua.

Ikiwaka, itatoa moshi mzito wa ile oili uliyotia, usishtuke. Tazama mkojo wake, yale maji ya kupoza yanayotoka kwenye mashine. Nusu dakika ikipita bila maji kutoka, zima. Chokoa tundu la kutolea kwa waya mwembamba, kisha kagua thamostati, vali inayopitisha maji ya kupoza, ambayo chumvi hupenda kuigandisha.

Hatua ya 7: Tezi, ngama na nyaya

Kama tezi ilifeli, kata faiba ya ndani, toa mbao yote mbovu hadi ufike penye afya, acha pakauke kabisa. Kwa kuunganisha na faiba ya zamani natumia epoksi. Inashika kuliko rezini ya kawaida ya poliesta. Kila tundu la bolti lizibwe vizuri, kwani ndiko maji yalikopitia mara ya kwanza.

Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani nyuma na mbele ya chombo, mwisho hurudi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa na hutuama huko huko. Kwa hiyo nyaya za ngama ziwe na fyuzi, viungo vifungwe visipitishe maji, na upepee kabla ya kuwasha. Anodi, kile kipande cha chuma kinacholika badala ya mashine, ikilika nusu badilisha, na usiipake rangi, haitafanya kazi.

Sasa rangi, ukitaka.

Hatua ya 8: Majini

Baki karibu na ufuo, uwe na makasia, nanga, majaketi ya kuokolea na mtu nchi kavu anayejua umetoka. Nenda polepole dakika kumi, kisha kasi kamili kwa muda mfupi, uzime ghafla ukiwa bado kwenye kasi hiyo. Rudi kwa kasia, toa plagi uzisome. Kahawia ya mbao ni sawa. Nyeusi yenye mafuta, oili au petroli imezidi. Nyeupe, mashine haipati mafuta ya kutosha: rudi hatua ya 4 kabla hujatoka tena.