Kutengeneza chumvi kwa asidi na besi: anza na kitakachozidi

Asidi ikikutana na besi, ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni (H⁺) za asidi hushikana na hidroksidi (OH⁻) au oksidi ya besi na kuwa maji. Ioni ya metali iliyotoka kwenye besi na ioni iliyobaki ya asidi ndizo zinazounda chumvi. Asidi ya haidrokloriki hutoa kloridi, ya salfuriki hutoa salfeti, ya naitriki hutoa naitreti, na asidi ya siki hutoa asetati. Nadharia inayohitajika hapa haizidi hapo.

Ugumu unaanza mezani. Asidi na besi hazitoshani zenyewe; karibu kila mara kimoja kitazidi, na kilichozidi kitakauka pamoja na chumvi na kuichafua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moto, amua kitakachozidi utakitoaje. Besi isiyoyeyuka huchujwa. Asidi ya haidrokloriki na amonia huondoka na mvuke. Chumvi yenyewe ikiwa haiyeyuki, kila kingine huoshwa kwa maji kikaondoka. Pasipo njia yoyote kati ya hizo, inabidi upime kwa bureti (mrija wenye alama za kipimo na bomba chini) mpaka pasizidi kitu.

Uamuzi huo unategemea kujua nini kinayeyuka. Chumvi zote za kawaida za sodiamu, potasiamu na amonia huyeyuka, na naitreti zote pia. Kloridi huyeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi. Salfeti huyeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo sana. Kabonati, oksidi na hidroksidi hazikubali maji, ukitoa zile za sodiamu na potasiamu. Kabonati ya amonia nayo huyeyuka, na chokaa (hidroksidi ya kalsiamu) huyeyuka kwa shida.

Kuandaa asidi na alikali (besi inayoyeyuka)

Kazi za asidi na alikali hapa chini zinatumia miyeyusho ya moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Vaa miwani ya kinga na glavu tangu mwanzo, maana ajali nyingi hutokea wakati huu wa kuzimua, kabla hata jaribio lenyewe halijaanza.

Kwa mililita 250 za asidi ya salfuriki, weka maji yaliyokenekwa mililita 150 kwenye bika, kisha mimina polepole mililita 14 za asidi kali ya asilimia 98 huku ukikoroga. Acha ipoe, ndipo ujazie maji hadi 250. Ni asidi inayoingia kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Asidi hii ni nzito, gramu 1.84 kwa mililita, hivyo maji yakimwagwa juu yake huelea, huchemka papo hapo kwa joto la mchanganyiko na kukurushia asidi usoni.

Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 37 ina takriban moli 12 kwa lita. Mililita 21 ndani ya maji, ukijazia hadi 250, zinatosha. Hutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo fanyia kwenye kabati la kufyonza gesi. Hidroksidi ya sodiamu ni gramu 10 kwa mililita 250. Nayo hupasha maji sana, na hushikamanisha kizibo cha kioo na chupa, hivyo ihifadhi kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri.

Asidi au alikali ikigusa ngozi, weka sehemu hiyo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usijaribu kuituliza kwa kupaka ya upande wa pili, kwani mmenyuko wake hutoa joto juu ya ngozi ambayo tayari imeungua.

Besi isiyoyeyuka: salfeti ya shaba

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na pale inapowezekana haina haja ya kiashiria (rangi inayobadilika kati ya asidi na besi) wala bureti. Unazidisha besi makusudi, kisha unaichuja.

Mimina mililita 25 za asidi ya salfuriki kwenye bika la mililita 100 na uipashe hadi nyuzi 60 hivi. Isichemke, lakini pia isiwe baridi, kwa sababu oksidi ya shaba humenyuka kwa uvivu kwenye asidi baridi na utadhani asidi imekwisha kumbe bado. Asidi hiyo ina moli 0.025, na moli 0.025 za oksidi ya shaba ni gramu 2.0. Pima gramu 2.5. Ongeza unga huo mweusi kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko, ukikoroga kwa ufito wa kioo na kusubiri upotee kabla ya kuongeza mwingine. Myeyusho utakuwa wa buluu. Unga mweusi ukibaki chini baada ya dakika kadhaa za kukoroga kwenye joto lile lile, asidi imekwisha.

Ukiishia kabla ya hapo, hasara yake utaiona mwishoni. Asidi ya salfuriki haiondoki na mvuke wa maji. Huchemka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300. Maji yanapopungua, yenyewe inazidi kukolea, na fuwele zako zitabaki zenye unyevu unaonata usiokauka, zikiunguza hata karatasi ya kuchujia. Oksidi iliyozidi haina madhara, kwa hiyo ukiwa na shaka ongeza unga.

Chuja kwa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya faneli. Kilichopita kiwe buluu angavu. Ukiona weusi, karatasi imetoboka au imejazwa kupita ukingo wake, basi chuja tena kwa karatasi mpya. Weka myeyusho kwenye bakuli la kuvukizia juu ya bika la maji yanayochemka, ili joto lisizidi nyuzi 100. Punguza mpaka zibaki mililita 10 hivi. Chovya ufito, uutoe, upulizie: fuwele zikijitokeza kwenye tone lililopoa, ondoa kwenye moto. Funika kwa karatasi yenye vitundu na uache bila kutikisa hadi siku ya pili. Ukipoza haraka kwenye barafu utapata chenga ndogo zilizonasa maji machafu ndani.

Hesabu inasema gramu 6.2 za CuSO₄·5H₂O. Utakachopata mara ya kwanza ni kama nusu yake, na hakuna kilichoharibika: kwenye nyuzi 20 kila mililita 100 za maji hushikilia takriban gramu 32 za fuwele hizo, hivyo sehemu kubwa imebaki kwenye maji. Yavukize tena upate awamu ya pili, ambayo kwa kawaida haiwi safi kama ya kwanza. Suuza fuwele kwa matone machache ya maji baridi na uzikaushe kwa kuzibana katikati ya karatasi za kuchujia. Tanuri au moto utayafukuza maji yaliyomo ndani ya fuwele na utabaki na unga mweupe.

Mtindo huu huu hufaa kwa kabonati, ambapo mwisho ni mapovu kukoma, na kwa metali kama zinki, magnesiamu na chuma. Shaba yenyewe haifanyi kitu kwenye asidi iliyozimuliwa. Sodiamu na potasiamu usizitie kwenye asidi kabisa, zinalipuka.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanaojua. Tia vipande vya marumaru (kabonati ya kalsiamu) kwenye asidi ya salfuriki: vitatoa mapovu kwa muda mfupi kisha kimya, na asidi bado imejaa tele. Salfeti ya kalsiamu, isiyoyeyuka vizuri, imejenga gamba juu ya marumaru na kuifungia asidi nje. Risasi nayo hujifunika hivyo kwenye asidi ya salfuriki na ya haidrokloriki. Mapovu kukoma ni dalili ya mwisho pale tu ambapo chumvi inayotengenezwa inayeyuka.

Zote zinapoyeyuka: titresheni

Hidroksidi ya sodiamu huyeyuka, asidi huyeyuka, na chumvi yake pia. Hakuna cha kuchuja, kwa hiyo tafuta kipimo kamili kwa kiashiria, kisha urudie bila kiashiria.

1. Suuza bureti kwa maji, halafu kwa asidi ya haidrokloriki yenyewe. Pipeti isuuze kwa maji, halafu kwa alikali. Flaski isuuzwe kwa maji peke yake. Ukiisuuza kwa alikali, matone yaliyobaki yataongeza kiasi ulichopima.
2. Jaza bureti, fungua bomba kidogo mpaka kiputo cha hewa kwenye ncha kitoke, kisha ondoa faneli. Faneli iliyosahauliwa hudondosha tone katikati ya kazi na kuharibu usomaji.
3. Kwa pipeti na kivutio cha mpira, weka mililita 25.0 za alikali kwenye flaski. Gusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa flaski, usipulize tone la mwisho. Pipeti imepimwa pamoja na tone hilo kubaki ndani.
4. Ongeza matone 2 au 3 ya fenolfthalini. Rangi itakuwa waridi.
5. Fungua asidi ukizungusha flaski juu ya karatasi nyeupe. Waridi ikianza kuchelewa kurudi, nenda tone kwa tone hadi ipotee.
6. Soma sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa asidi, jicho likiwa usawa nao, hadi 0.05. Rudia mpaka vipimo viwili vitofautiane kwa si zaidi ya 0.1.

Tone moja ni kama mililita 0.05. Kwa ukolezi huu, tone moja kabla ya mwisho pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) ni takriban 11, na tone moja baada yake ni 3. Mruko huo mkubwa ndio sababu karibu kiashiria chochote kinafaa asidi kali ikikutana na alikali kali: fenolfthalini hubadilika kati ya 8.2 na 10, methili oranji kati ya 3.1 na 4.4. Litimasi hubadilika taratibu mno, iache. Ukitumia asidi ya siki na hidroksidi ya sodiamu, mwisho uko karibu na pH 9, hivyo ni fenolfthalini tu. Amonia na asidi ya haidrokloriki humalizia kwenye pH 5 hivi, na hapo fenolfthalini itapoteza rangi mapema. Tumia methili oranji.

Tuseme asidi iliyotumika ni mililita 23.40. Moli za alikali ni 0.025, kwa hiyo ukolezi halisi wa asidi ni 0.025 ÷ 0.0234, yaani moli 1.07 kwa lita. Sasa chukua mililita 25.0 mpya za alikali, mimina mililita 23.40 za asidi bila kiashiria, na uvukize. Utarajie gramu 1.46 za kloridi ya sodiamu.

Kama utakosea, kosea upande wa asidi kwa tone moja. Asidi ya haidrokloriki itaondoka na mvuke, ilhali hidroksidi ya sodiamu iliyozidi haina pa kwenda. Usisubiri fuwele kwa kupoza kama ulivyofanya kwa shaba: maji ya nyuzi 20 huyeyusha gramu 36 za chumvi hii kwa kila 100, na yanayochemka gramu 39. Kupoza hakubadilishi kitu, kwa hiyo vukiza karibu yote, na umalizie kwa moto mdogo kwani chumvi huanza kurukaruka.

Alikali iliyokaa wazi huvuta kaboni dayoksaidi hewani na sehemu yake kuwa kabonati. Dalili yake ni kwamba fenolfthalini inapoteza rangi mapema na methili oranji inachelewa, vipimo viwili tofauti kwa alikali ile ile. Andaa mpya.

Kwa salfeti ya amonia kuna njia ya mkato: ongeza amonia kwenye asidi ya salfuriki hadi harufu yake ibaki na litimasi nyekundu igeuke buluu, kisha vukiza polepole juu ya maji ya moto. Amonia iliyozidi huondoka yenyewe.

Chumvi isiyoyeyuka

Hapa hakuna haja ya asidi. Yeyusha gramu 2.8 za kloridi ya kalsiamu kavu kwenye maji mililita 50, na gramu 2.7 za kabonati ya sodiamu kavu kwenye mililita 50 nyingine. Changanya, koroga, acha mashapo meupe ya kabonati ya kalsiamu yatulie, kisha chuja. Osha mara tatu kwa mililita 20 za maji yaliyokenekwa, ukisubiri kila maji yapite yote. Pima maji ya mwisho kwa matone ya asidi ya naitriki na ya naitreti ya fedha: yakiwa na ukungu mweupe, kloridi bado ipo, endelea kuosha. Kausha kwenye nyuzi 105. Hesabu inatoa gramu 2.5.

Litimasi ikisema asidi

Salfeti ya shaba iliyo safi kabisa hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu, kwa sababu ioni za shaba zenyewe huyafanya maji yatoe H⁺. Kloridi ya amonia na ya aluminiamu pia. Kabonati na asetati ya sodiamu huelekea upande wa besi. Usirudi kuongeza oksidi kwa sababu ya karatasi hiyo. Kama unga mweusi ulibaki kwenye kichujio, kazi ilikamilika.

Tofauti na hizo ni chumvi zilizobakiwa na haidrojeni ya asidi. Mililita 25 za hidroksidi ya sodiamu na 12.5 za asidi ya salfuriki, zote za moli 1, hutoa Na₂SO₄. Ukitia asidi mililita 25 unapata NaHSO₄, ambayo myeyusho wake hutoa mapovu ukikutana na kabonati kama asidi yoyote. Anayetumia kiasi sawa cha asidi na alikali kwa mazoea ya haidrokloriki ndiye hupata hii ya pili bila kujua.