Kumvika askari wa 1914 asiyetaka vita

Filamu ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) anayeburutwa kwenda kupigana Kisii, Septemba 1914, huchekesha kuanzia miguuni. Tafuta blanketi la sufu la mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, la kukatia puttee, yaani ukanda wa kitambaa ambao askari wa wakati huo walizungushia mguu toka kifundoni hadi chini ya goti. Poliesta huteleza na kushuka baada ya hatua chache. Kata ukanda wa sentimita 10 kwa mita 2.7 kwa kila mguu. Anza kifundoni, zungusha ukipanda, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kisha funga kwa utepe chini ya goti. Ukikaza mno, mguu hufa ganzi.

Kwa tukio lenyewe, legeza utepe tu: ukanda ufunguke akiwa wima mbele ya ofisa, asithubutu kuinama. Kamera ibaki usoni. Hofu yake ni ya kweli.