Kabla hujaweka Windows 11, soma namba ya prosesa

Nina saiba ya kompyuta sita huku Kawangware. Tangu Microsoft waiache Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu huja na laptopu kwapani wakiniuliza swali lile lile: "Niweke kumi na moja ama niachane nayo?" Sijibu kabla sijaiona mashine.

Kuachwa si kuzimwa. Mashine ya Windows 10 itawaka kesho kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya bure vya kuziba mianya wanayopitia wezi wa mtandaoni. Laptopu ya mtoto kuandikia insha bila intaneti, iache ilivyo. Ile unayofungulia benki au iTax, hiyo tuizungumze.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, kisha uandike msinfo32. Kwenye mstari wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, utaona kitu kama i5-6300U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, na hapo ni cha sita. Ikiwa ni i7-10510U, soma tarakimu mbili za mwanzo: kizazi cha kumi. Kwa Intel, Windows 11 inataka cha nane kwenda juu. Hapa ndipo wengi hukwama, maana laptopu zetu nyingi ni mitumba kutoka ng'ambo. Mwalimu mmoja aliniletea HP EliteBook 840 G3 aliyouziwa kwa maneno kwamba "iko tayari kwa kumi na moja". Ni ya kizazi cha sita! G5, ambayo kwa jina ni ndugu yake kabisa, kwa kawaida ina cha nane.

Ukivuka hapo, rudia kitufe na R, uandike tpm.msc. Hapo utaiona TPM, chipu ya usalama ya kompyuta; iwe toleo la 2.0. Ukiambiwa haipo usikate tamaa, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka.

Microsoft wanasema ramu ya GB 4 yatosha. Nilijaribu kwenye mashine ya kaunta: ukifungua kivinjari, chai inapoa. Nenda na 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi.

Kuna fundi atakayekuambia anaweza kuruka masharti hayo kwa flashi. Anaweza kweli, hata mimi nimefanya. Lakini mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata viraka, na si ndivyo vilivyokufanya uhame?

Sasa kosa langu. Mwaka 2022 niliihamisha Jumatatu asubuhi mashine inayoendesha printa yetu kuukuu, wiki ya mitihani, shule zikisubiri karatasi. Printa ikagoma kabisa. Wateja wakavuka barabara kwa jirani, na wengine wako huko hadi leo. Kilichoniokoa ni kwamba ndani ya siku 10 unaweza kurudi ulikotoka: Settings, System, Recovery, kisha Go back. Kwa hiyo andika kwenye karatasi kila kinachochomekwa kwenye mashine hiyo, printa, skana, kisoma vidole, pamoja na programu ya hesabu za duka, uulize kimoja kimoja kama kinakubali. Ukiwa na mashine kadhaa, itangulize ile isiyokulisha.

Siku yenyewe, nakili faili zako kwenye diski ya nje. Kuzihamishia sehemu ya D ya diski ile ile si kuzihifadhi. Uwe na bando la gigabaiti kadhaa. Na kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, usianze mawingu yakikusanyika, stima za mtaani mnazijua.

Mashine isipofuzu, kuna mpango wa Microsoft wa viraka vya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukiwa na akaunti yao na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao. Njia nyingine ni Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, unayoweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mbili kati ya sita zangu zinaitumia, na anayekuja kufungua eCitizen hata hajui. Ila programu nyingi za hesabu zilizotengenezewa Windows huko zitakuangusha.

Mwalimu alichukua viraka vya ziada huku akisubiri zamu yake ya kupokea pesa za chama. "Na nikienda maduka ya Luthuli mjini kutafuta nyingine?" akaniuliza. Iwashe mwenyewe pale dukani, Mwalimu, uandike msinfo32 kabla hujatoa simu kulipa.