Kukadiria Gharama ya Kukata Mti Nyumbani

Pima kabla ya kuuliza bei. Zungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14: mkaratusi wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50. Ukiwa shambani palipo wazi, tuseme Njoro au Kakamega, huangushwa mzima kwa msumeno wa petroli. Ukiegemea paa, lazima mtu apande na kushusha matawi kwa kamba. Hapo ndipo bei hupaa. Karibu na nyaya za umeme, waarifu kwanza Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme nchini Kenya. Kisiki hulipiwa kando, na cha mkaratusi huchipuka tena. Fundi akiomba magogo yawe malipo, usikubali haraka: ulizia kwanza bei yake kwa wapasua mbao.